Nilivyobomoa ukuta wa kutulia pale steji, na mama mkwe akaja na vyungu kichwani

Wakuu, poleni na majukumu ya leo.

Jana kuna mdau humu alilalamika kuhusu barabara mpya isiyo na mahali pa mtu kutembea. Akauliza: hivi anayechora hivi vitu, mara ya mwisho kutembea kwa miguu ilikuwa lini?

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nimewahi kuwa mchoraji huyo.

Naomba nieleze ya kwangu jinsi yalivyokuwa. Sitaongeza neno. Nimegundua kwamba aibu ikisimuliwa kwa mpangilio inatosha yenyewe, haihitaji kupambwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Senta yetu iko kati ya Homa Bay na Migori. Jina nitaliacha; wa huko mtaitambua.

Mimi nilikuwa fundi wa saa. Meza yangu ilikuwa kwenye baraza la duka, ikitazamana na steji. Fundi wa saa hana kelele na hana haraka, na ana muda mwingi wa kutazama watu ambao hawajaleta saa.

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nilijisomea. Nilikuwa nasoma chochote chenye maandishi, hata gazeti lililofungia sukari, na nilikuwa na ugonjwa wa kuamini kwamba nikisoma jambo mara mbili nimeshalijua.

Siku moja pale sokoni Homa Bay nikamkuta muuza vitabu vikuukuu amevitandaza juu ya gunia. Nikanunua kimoja cha Kiingereza kuhusu kupanga barabara za miji. Hakikuwa na jalada, na nusu ya mwisho ilikuwa imenyofoka.

Kwenye ukurasa wa yaliyomo niliona sura zilizokosekana. Moja ilihusu watembea kwa miguu.

Nakumbuka nilichojiambia: hiyo si hasara, kutembea kila mtu anajua.

Sasa steji yetu.

Haikuwa na mpango wowote. Basi la Migori, Peugeot za Homa Bay, pikapu za turubai za kwenda Macalder, boda boda za baiskeli, mikokoteni, na siku ya soko ng'ombe wa mnada. Vyote vilikutana katikati, kila kimoja kikisubiri kingine kirudi nyuma. Madereva walikuwa wanatukanana kwa lugha tatu.

Pembeni kulikuwa na kipande cha ukuta wa mawe, mabaki ya stoo ya pamba ya zamani. Hakikuwa kinabeba paa wala kufunga kiwanja. Kimesimama tu, tena pale pale ambapo basi lingeweza kugeukia.

Kamati ya soko ilikuwa inatafuta mtu wa kuleta utaratibu. Nikajitolea. Hakuna aliyenilazimisha, hilo liingie kwenye kumbukumbu.

Nilianza kwa kuhesabu, kama kitabu kilivyoagiza. Siku tatu mfululizo, daftari la mistari, penseli mbili. Nilichora safu: basi, Peugeot, Nissan, pikapu, lori, baiskeli, mkokoteni, ng'ombe.

Rudieni hiyo orodha polepole.

Ng'ombe niliwahesabu. Watu sikuwahesabu. Kuna mama mmoja alipita mbele ya meza yangu mara nne akiwa na mzigo kichwani, na nilichofanya ni kuinama kidogo nione lori lililokuwa nyuma yake.

Kisha nikapima kila kitu kwa futi kamba. Kuanzia hapo watu wakaanza kuniita Japim, yaani mpimaji, na mimi kwa ujinga nikadhani ni cheo.

Ule ukuta niliupima pia. Kwenda juu, futi nne na inchi saba. Na nikaona jambo: mawe ya juu yalikuwa yamelainika na kung'aa, kama mpini wa jembe lililotumika miaka mingi. Nikajiuliza ni nini kinacholainisha jiwe namna hiyo.

Nikaandika: mbuzi.

Pembeni nikaongeza: ukuta usio na kazi.

Plani yangu ilikuwa nzuri, wakuu. Bado nasema ilikuwa nzuri, ukiitazama ukiwa umekaa. Mlango wa kuingilia magari, mlango wa kutokea, magari yanazunguka upande mmoja, mawe yaliyopakwa chokaa kuonyesha mipaka, mtaro wa maji. Wauza chai na mandazi wahamie ng'ambo ya mtaro. Na kanuni tano nilizoandika kwa mkono wangu. Kanuni ya nne ilisema: asiye na safari asisimame steji.

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi. Mwenyekiti alikuwa Jaduong' Okumu, mzee wetu mwenye posho mill ya kusaga unga. Nikabandika karatasi ubaoni nikaeleza kwa karibu saa nzima. Nilitumia neno "mtiririko" mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Nilipomaliza, akasimama Mama Pamela, muuza chai.

"Japim, nauliza. Na hii ukuta ya kutulia unapeleka wapi?"

"Ukuta upi?"

"Si huo umechora alama ya kukata. Hii ya kutulia."

Nikatabasamu. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma nusu ya kitabu:

"Mama, steji si mahali pa kutulia. Steji ni mahali pa kusafiri. Anayetaka kutulia, atulie nyumbani kwake."

Darasa zima likacheka, wanaume wakapiga makofi. Mama Pamela alinitazama kama mtu anayetazama saa aliyoambiwa imepona.

"Haya," akasema, akakaa.

Ukuta ulibomolewa Jumatatu. Mawe yake tuliyapanga kwenye kingo za mtaro na mengine tukayapaka chokaa. Basi la kwanza lilipogeuka bila kurudi nyuma hata mara moja, dereva alipiga honi kwa furaha. Jaduong' Okumu alinipa mkono mbele ya watu. Nilirudi mezani kwangu nikavaa miwani ya kazi ingawa sikuwa na kazi.

Wiki hiyo niliona akina mama wenye mizigo wakizunguka zunguka pale, wakigeuka huku na huku shingo zikiwa wima. Nikaandika kwenye daftari: baadhi ya abiria bado hawajaelewa mpango. Watazoea.

Ikaja siku ya soko.

Hapa lazima nimtambulishe mama mkwe wangu. Alikuwa mfinyanzi. Kijiji chao kiko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka senta, na asubuhi hiyo alikuwa ametembea huo mwendo akiwa na kapu pana kichwani, limejaa vyungu vilivyopangwa kwa nyasi kavu. Ilikuwa kazi ya mwezi mzima. Mama mmoja mwenye hoteli Migori aliviagiza, na alikuwa ameshatuma neno kwamba visipofika siku hiyo atachukua kwa mfinyanzi mwingine. Basi la kufika Migori mapema lilikuwa moja, na lilikuwa tayari linaunguruma.

Haya yote niliyajua, kwa sababu mke wangu alikuwa ameniambia jana yake tukila.

Kwa wasio wa kwetu, niwaeleze kidogo. Kwetu mtu na mama mkwe wake, tunayemwita maro, wana heshima ya mbali. Humpi mkono. Hamli pamoja. Mkikutana njiani mmoja anachepuka. Si uadui, ni heshima, na wakati ule ilishikwa sana. Mimi na maro tulikuwa tumeishi vizuri miaka sita bila kukaribiana hata hatua tatu.

Na kumtua mtu mzigo wa kichwani, anayejua anajua: mnasimama uso kwa uso, mikono yako kando ya masikio yake, pumzi zenu zinagongana, mnahesabu pamoja, mnashusha. Mtu mwenye kapu la vyungu hawezi kujitua peke yake. Akiinama, vyungu vinatangulia.

Nilipoinua macho kutoka kwenye saa niliyokuwa nafungua, niliwaona watano. Maro na akina mama wengine wanne, wamesimama kwa mstari kando ya basi, kila mmoja na mzigo kichwani. Samaki wa kukaushwa, viazi, magunia ya omena.

Walikuwa wanatazamana kwa pembe za macho. Ilinichukua dakika nzima kuelewa ninachokiona.

Kila mmoja alihitaji mtu wa kumtua. Na wa kumtua alikuwa mwenzake, ambaye naye alihitaji kutuliwa kwanza.

Zamani kulikuwa na wanaume wanaokaa hapo bila kazi, wangeinuka wakasaidia. Niliwafukuza kwa kanuni ya nne. Mama Pamela alikuwa ng'ambo ya mtaro na sufuria ya maji ya moto mkononi. Makanga alikuwa juu ya karia, paani pa basi, anafunga kamba. Ndani ya basi walikuwa wamepanda wazee wawili watatu tu na watoto. Dereva alikuwa na mguu kwenye mafuta, maana starta ya lile basi ilikuwa imekufa na akishuka injini inazima.

Aliyebaki na mikono mitupu ni mimi.

Maro aliniona. Akageuka pembeni taratibu, kapu likageuka naye. Akaongea na hewa.

"Kama kuna mtu hapo, aniitie mtu."

Na mimi nikaijibu hewa. "Mtu anatafutwa."

Nikasimama nikatazama barabara. Upande wa soko watu wote walikuwa kwenye mnada wa ng'ombe. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Mama, si unapanda? Naondoka!"

"Nitapanda na hii kichwani? Mwambie huyo wa saa atafute mtu haraka, shingo imeisha."

"Si anakusikia?"

"Najua ananisikia. Mwambie."

Dereva akanigeukia. "Fundi, si umtue tu? Unaangalia nini?"

"Siwezi."

"Huwezi aje? Uko na mikono mbili."

"Ni maro."

Dereva akavuta pumzi. "Aaa. Pole. Hiyo ni kesi ingine."

Makanga juu ya karia alikuwa amesikia yote. "Japim! Ramani inasemaje hapo? Hakuna mshale?"

"Mtue kwa kisogo, omera!" akaongeza, yaani ndugu yangu, mtue ukiwa umempa mgongo.

Alikuwa anatania. Lakini mimi ni mtu ninayechukua maneno kama yalivyo.

Niliona mguu wa maro ukianza kutetemeka. Nyasi moja ikadondoka kutoka kwenye kapu. Mama aliyekuwa nyuma yake akasema kwa Kidholuo, bila kugeuza shingo, kwamba kama kuna mtu anaomba, aombe sasa.

Nikamwaga saa za wateja kwenye kofia yangu. Skrubu nyingi hazikuingia kwenye kofia. Nyingine naamini ziko pale mpaka leo. Nikang'oa ubao wa meza kutoka kwenye miguu yake, nikaubeba mabegani kwa nyuma kama mlango, nikapanda juu ya jiwe moja la chokaa ili nipate kimo, nikainama nusu mpaka ubao ukalala bapa mgongoni. Futi nne na inchi saba, kimo cha ule ukuta, nilikuwa naijua kwa kichwa. Nilijaribu kuifikia kwa magoti.

Na nikampa maro mgongo.

Naye akaelewa. Akanipa mgongo.

Sasa tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyemwona mwenzake. Dereva akachukua usukani, yaani kwa maneno. Akatuelekeza kama anaelekeza malori mawili kwenye kichochoro.

"Mama, rudi. Rudi. Rudi. Kata kulia kidogo. Fundi, wewe simama! Usirudi, wewe ni ukuta! Juu kidogo. Juu! Hapo hapo. Mama, rudi... rudi... weka!"

Kapu likatua.

Uzito wake sikuupima. Ninachojua ni kwamba nilisikia vyungu vikisalimiana, na nikaona viatu vyangu kwa karibu kuliko nilivyowahi kuviona.

Maro alinyoosha shingo, nikasikia ikilia. Hakupoteza muda. Akamtua aliyekuwa nyuma yake, yule akamtua mwingine, na mwingine mwingine. Ilikuwa kama saa iliyokwama ambayo umeondoa kipande kimoja cha nyasi kwenye gurudumu. Mizigo ikapanda juu ya karia mmoja baada ya mwingine.

Wa mwisho ulikuwa wa kwangu, kwa sababu hakuna mtu anayeharakisha kuupokea ukuta mzigo. Nilikuwa nimeinama pale nikigundua kwamba sasa mwenye mzigo usio na pa kutua ni mimi.

"Na hii ukuta tunaenda nayo Migori?" makanga akauliza.

Basi zima likacheka. Akina mama wawili wakaja wakanitua. Chungu kimoja tu kilikuwa kimepasuka mdomo. Vingine vyote vilipanda.

Maro alipokuwa anaingia mlangoni alisimama, akamwambia dereva, kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie ukuta asante. Lakini ukuta hautetemeki."

Basi likaondoka, kwa mtiririko mzuri kabisa, kama nilivyopanga.

Nikaruka mtaro wangu mwenyewe, kwa shida, nikaenda kwa Mama Pamela. Nikamuuliza ile siku ya mkutano alimaanisha nini.

"Kutulia," akasema. "Kutua mzigo. Ukuta ya kutulia mzigo. Wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia kukaa. Kupumzika."

Akaniangalia, akaangalia akina mama waliokuwa wanashuka barabarani na mizigo mingine.

"Kukaa? Nani ana saa ya kukaa?"

Nilikuwa naandika Kiswahili safi kuliko mtu yeyote pale senta. Neno lenyewe nilikuwa nalo. Mtu akiwa na mzigo kichwani, tua na tulia yanatoka mahali pamoja. Nilikuwa sijawahi kuwa na mzigo kichwani, kwa hiyo nilisikia nusu ya neno, kama nilivyosoma nusu ya kitabu.

Jioni hiyo nilimweleza Jaduong' Okumu kwamba plani ina kosa. Akauliza kosa liko upande gani. Nikamwambia upande wa mchoraji. Alicheka mpaka unga wa posho mill ukamdondoka kwenye nyusi, kisha akasema: kubomoa tulibomoa wote, kujenga utajenga wewe.

Nikajenga. Mawe niliyatoa mtaroni mwenyewe, moja moja. Basi bado lilipata nafasi ya kugeuka, maana niliusogeza ukuta hatua nane tu, jambo ambalo ningeweza kulifanya tangu mwanzo kama ningeuliza. Mtaro nikauwekea kivuko kipana, mtu mwenye mzigo avuke bila kutazama chini. Wauza chai wakarudi. Kanuni ya nne nikaifuta.

Futi kamba nilikuja nayo kama kawaida. Nikasema futi nne na inchi saba. Mama Pamela akaniuliza: ya nani? Akaita mama mmoja mrefu na mwingine mfupi wakasimama kando kwa kando. Mmoja angelazimika kuchuchumaa, mwingine asingefika. Kumbe hata ukuta wa zamani ulikuwa unawatesa wengine, walikuwa wamevumilia tu. Tukajenga ngazi tatu, kila moja na kimo chake.

Sikuwa na safu ya kuandika hilo kwenye daftari. Nikachora mpya.

Siku ya soko iliyofuata maro alikuja. Alisimama kwenye ngazi ya katikati, akarudi nyuma kidogo, kapu likatua bila mtu. Nasimulia nilivyoambiwa, mimi nilikuwa nimetazama pembeni kama inavyopasa.

Kesho yake mke wangu akarudi kutoka kwao.

"Mama anasema ile ya katikati uishushe vidole viwili."

"Alisema ni nzuri au mbaya?"

"Alisema vidole viwili."

Nikachukua patasi, nikaenda nikaishusha.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Barabara au steji ukiichora ukiwa umekaa, itawafaa waliokaa. Ukitaka kujua inafanya kazi gani, mtafute mwenye mzigo mzito kuliko wote hapo, muulize anaushushia wapi, kisha unyamaze aseme hadi mwisho. Kitabu kisome, lakini kama kuna sura imenyofoka, usidhani unaijua.

Karibuni mchangie, na kucheka ruksa. Nina swali moja kwa kila mmoja, hasa wenye stendi mpya za kisasa zenye vigae na taa: hapo kwenu, mama aliyefika na kapu kichwani na hana mtu wa kumsaidia, anatulia wapi?